Siku Nne za Likizo

Napenda kuwasimulia habari ya likizo yangu ya katikati ya muhula, maana mambo yaliyonipata huenda yakawafaa wenzangu, hasa wale wanaokaribia mtihani.

Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha sita, na masomo yangu ni Historia, Jiografia na Uchumi. Muhula uliopita sikufaulu vema. Baba yangu, ambaye ni fundi cherehani katika soko la Owino, aliisoma ripoti yangu polepole, akaikunja, akaitia katika mfuko wa shati, asiseme neno. Afadhali angalinigombeza. Karo yangu yote hutoka katika cherehani ile moja, na nyuma yangu wako wadogo zangu watatu. Basi tulipopewa likizo ya siku 4, niliapa moyoni kwamba sitapoteza hata saa moja.

Sikwenda nyumbani, kwa kuwa chumba chetu ni kimoja na kelele ni nyingi. Nilikwenda Wandegeya, kwa mwana wa baba yangu mkubwa, ambaye namwita kaka. Yeye anasomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Makerere. Nilifika Alhamisi jioni na mkoba umejaa vitabu. Kaka akanikaribisha vizuri, akaniachia meza yake.

Usiku ule nilisoma hata jogoo wakawika. Nilikunywa chai kikombe baada ya kikombe, na miguu nikaitia katika beseni la maji baridi ili nisisinzie. Usiku wa pili vivyo hivyo. Kaka aliponiletea roleksi, yaani chapati iliyokunjwa pamoja na mayai, nilikula huku nikifunua kurasa, mafuta yakaichafua ramani ya Ziwa Viktoria. Nilijiona shujaa.

Jumamosi mchana kaka alikifunga kitabu changu, akasema, "Haya, ndugu yangu, bwawa la Owen Falls kule Jinja lilifunguliwa mwaka gani?"

Nikajibu upesi, "1900!"

"Na Mkataba wa Buganda?"

"1954!"

Kaka hakucheka, alinitazama tu. Ndipo nilipotambua kwamba nimeyageuza juu chini, maana mkataba ndio wa 1900 na bwawa ndilo la 1954. Mambo hayo niliyajua tangu kidato cha pili! Machozi yakanilengalenga, nikaiona tena ile ripoti ikikunjwa.

"Vaa viatu," kaka akasema.

"Kaka, mimi sina nafasi ya matembezi."

"Na kwa kusoma namna hii, hata nafasi uliyo nayo unaitupa. Vaa viatu."

Tukatembea polepole hata tukafika juu ya kilima cha Namirembe. Tulikaa nyasini, upepo ukivuma, tukawa tunataja vilima tulivyoviona: Rubaga, Kasubi, Kibuli. Kaka akanisimulia habari za kanisa kuu lililo pale: jinsi lile lililotangulia lilivyoungua kwa radi mwaka 1910, na jinsi hili la sasa lilivyokamilika mwaka 1919. Mimi sikuandika kitu. Tuliporudi tulikula matoke na mchuzi wa njugu, nami kabla ya saa 3 usiku nilikuwa nimekwisha lala fofofo.

Asubuhi, kabla sijanawa uso, kaka aliniuliza habari za Namirembe. Nikazieleza zote bila kukosea, miaka yote miwili. Nilishangaa sana.

Ndipo akanieleza kwamba mwaka 1924, huko Marekani, wataalamu wawili, Jenkins na Dallenbach, waliwafundisha wanafunzi wawili silabi zisizo na maana. Mara nyingine waliwaacha walale, mara nyingine wakae macho, kisha wakawapima baada ya saa kadha wa kadha. Waliokuwa wamelala walikumbuka zaidi. "Ukilala," kaka alisema, "akili haijaacha kazi. Inahifadhi uliyoyapokea mchana. Wewe ulikuwa ukipokea tu, huhifadhi."

Jumapili hiyo tukapanga ratiba. Nilisoma saa 2 asubuhi, nikafunga kitabu na kuandika yote niliyoyakumbuka, kisha nikapumzika nusu saa. Alasiri nikafanya vile vile, jioni tukacheza mpira, na saa 4 usiku taa ikazimwa. Kurasa nilizosoma siku ile zilikuwa chache kuliko za usiku mmoja wa beseni, lakini hizo ndizo ninazozikumbuka hata leo. Kweli, mwenye pupa hadiriki kula tamu.

Siku ya wazazi kuja shuleni, baba aliniuliza kama nilisoma likizoni. Niliogopa, lakini nikamwambia kweli yote, pamoja na matembezi na mpira. Alinyamaza kidogo, akaitazama mikono yake, akasema, "Mwanangu, mimi nikishona usiku kucha, asubuhi huwa kazi yangu ni kufumua."

Mtihani wenyewe bado uko mbele, na hofu ingalipo. Lakini sasa ninalala. Nanyi wadogo zetu, mkimwona mwenzenu ametia miguu katika maji baridi usiku wa manane, mpeni taulo, mkamlaze.