Tutakaa Wapi Mwaka wa Tatu?

Wazee husema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi ndugu wawili, wenyeji wa Njingala katika Walikale, tulifundishwa methali hiyo si kwa siku bali kwa miaka. Miaka miwili tulikaa Goma kwa Baba Mdogo, mtaani Ndosho, kama wageni. Tulikula, tukalala, tukaenda chuoni. Ulipofika mwaka wa tatu, yaani mwaka wa masomo 2009–2010, tukaanza kuulizana: sasa tukae wapi?

Swali hilo halikuwa dogo. Mwaka wa tatu ndio ulikuwa wa mwisho wa graduat. Kila mwanafunzi alipaswa kuandika kazi yake na kuitetea mbele ya walimu. Na nyumba ya Baba Mdogo ilikuwa ya mbao, vyumba viwili, watoto saba, maji ya kutafuta mbali, na umeme wa kuja upendapo. Tulijiambia: hapa hatutaandika kitu.

Tukaona chumba kizuri Himbi, karibu na ziwa. Mwenye nyumba alitaka dola 30 kwa mwezi, na garanti ya miezi 6 mbele. Dola 180! Hapo ndipo tulipoikumbuka njia ya Bisie.

Yafaa tuwaeleze njia hiyo. Bisie ni mlima wenye kasiterite, jiwe zito litoalo bati. Watu walianza kulichimba huko mnamo 2002, wakaja kwa maelfu. Barabara ya gari haikuwapo. Mchukuzi alijitwika gunia la kilo 50, akapita msituni siku mbili, karibu kilomita 50 za matope na mito, mpaka Njingala. Njiani palikuwa na vizuizi vya wenye bunduki, na kila kizuizi kilidai kodi yake. Kisha mawe yalipelekwa Kilambo, ambako ndege ndogo zilitua juu ya barabara ya lami, zikayachukua mpaka Goma. Baba yetu alikuwa mmoja wa wachukuzi hao. Karo yetu ilitoka mgongoni mwake. Tulipopiga hesabu, garanti ile peke yake ilikuwa kama mizigo kumi. Tukanyamaza.

Ndipo ukatokea mlango mwingine. Mfanyabiashara mmoja wa mawe, ambaye hatutamtaja, alisikia kwamba tunajua hesabu. Akatuambia, «Vijana wangu, njoni mkae kwenye depo yangu. Chumba ni bure, umeme upo, chuo kiko karibu. Kazi yenu ni kuandika tu magunia yakiingia.» Tulifurahi, tukamshukuru Mungu upesi mno. Kesho yake tulipokwenda kuitazama kazi, tuliiona mizani. Gunia la kilo 50 lilipaswa kuandikwa 46. Tukauliza sababu. Akacheka: «Ni desturi.»

Wasomaji, kilo nne si kitu kwa mtu aliye Goma. Lakini upungufu hushuka ngazi kwa ngazi. Mnunuzi wa Goma humpunja mnunuzi wa Njingala, huyu humpunja mchimbaji, na mchimbaji hupunguza ujira wa mchukuzi. Mwisho wake ungalifika kwa baba yetu, na mkono ulioandika ungalikuwa wetu.

Hatujisifu. Usiku ule hatukukataa. Mmoja wetu alisema, «Tusipoandika sisi, ataandika mwingine.» Wa pili hakuwa na jibu. Tukamtumia Baba habari kwa kinywa cha msafiri. Baada ya majuma mawili jibu lake likarudi: «Mawe nimeyabeba ya kutosha. Ninyi msilale juu yake.»

Basi, tukamrudia Baba Mdogo, na safari hii tukaomba jembe. Mama Mdogo akacheka, akatupa madumu. Alfajiri tulichota maji kabla ya kwenda chuoni. Jioni tuliwafundisha watoto kusoma, nao wakalala mapema. Baba Mdogo akatupigia ukuta wa mbao pembeni mwa sebule, akaweka meza moja. Hapo tuliandika kwa zamu, kwa taa ya petroli. Haikuwa rahisi, mmoja wetu alirudia mitihani miwili. Lakini hatukuwa tena wageni.

Septemba 2010, Rais Joseph Kabila alisimamisha uchimbaji wa madini katika Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini na Maniema, na amri hiyo ikadumu mpaka Machi 2011. Wachukuzi wakakosa kazi. Fedha ya Bisie ikakatika, nasi tulikuwa hatujatetea kazi zetu. Kama tungalikuwa Himbi, mwenye nyumba angalitutoa. Kwa Baba Mdogo tulikula kidogo, lakini tulikula, nasi tukamaliza.

Bisie imegeuka. Tangu 2019 kampuni ya Alphamin hutoa bati huko kwa mitambo, na barabara imefika. Hata hivyo amani ilichelewa. Januari 2025 vita viliingia Goma. Mwezi wa Machi vikafika Walikale, kampuni ikasimamisha kazi, ikairudia mwezi wa Aprili. Vijana wetu wanaoingia mwaka wa tatu leo huchagua makao katika shida kubwa kuliko yetu. Hatumwambii kila mmoja akae kwa ndugu. Wako wasio na Baba Mdogo, na ziko nyumba za ndugu ambamo msichana hana usalama. Twasema hili tu: kabla ya kutazama mlango na dirisha, uliza ni nani anayelipa, na analipa kwa nini.

Wale wanafunzi wawili wa Yohane Mbatizaji walipomfuata Yezu, walimwuliza kwanza anakaa wapi. Yeye hakuwaeleza ukubwa wa nyumba. Aliwaita waje waione. Mungu atujalie makao ya namna hiyo, ili Bwana akituuliza sisi tunakaa wapi, tumjibu bila aibu: karibu, uone.