Kutoka Msimbazi hadi Kisutu

Niliondoka Mtaa wa Msimbazi asubuhi, wamachinga wakiwa bado wanatandika bidhaa zao, nikiwa na nia moja tu: kumzuru Marijani Rajabu, Jabali la Muziki. Alizaliwa Kariakoo mwaka 1955, na mwisho wa maisha yake alikuwa akiuza kanda za nyimbo zake mwenyewe ili apate riziki. Jambo hilo linaniuma hadi leo. Nyimbo zilirindima redioni nchi nzima, watu wakazirudufu kwenye kanda bila kumlipa hata senti, naye mtunzi akabaki mchuuzi wa sauti yake.

Nikalipita soko kuu, lile alilolichora Beda Amuli na ambalo moto uliliunguza Julai 2021, nikashika Mtaa wa Uhuru. Marijani hakuajiriwa kushika chaki, lakini mimi namhesabu miongoni mwa walimu. Akiwa na Safari Trippers aliimba Rosa Nenda Shule. Baadaye, akiwa na Dar International, akatupa Zuwena na Mwanameka, visa vyenye watu ambao ungewatambua mtaani kwako. Wazazi wetu walizigeuza nyimbo zile kuwa maonyo, na sisi tukazishika kuliko maonyo yenyewe.

Nilipofika Mnazi Mmoja, wanafunzi walikuwa mstarini wakiimba Mungu Ibariki Afrika. Nikasimama wima kando ya barabara mpaka wakamaliza. Muziki ule ni wa mwalimu wa kweli, Enoch Sontonga, aliyefundisha shule ya misheni karibu na Johannesburg na kuongoza kwaya. Aliutunga mwaka 1897, akafariki mwaka 1905 akiwa bado kijana. Mataifa yaliuimba wimbo wake huku kaburi lake halijulikani lilipo. Waliolitafuta walipekua daftari la makaburi ya Braamfontein kwenye herufi S, kumbe karani alimwandika kwa jina la Enoch, kwenye E. Lilipopatikana, likajengewa kumbukumbu, na Nelson Mandela akaizindua tarehe 24 Septemba 1996. Miaka tisini na zaidi, kwa sababu ya karani ambaye hakuona haja ya kuandika jina la ukoo la Mwafrika!

Nikavuka Barabara ya Bibi Titi Mohamed. Makaburi ya Kisutu yamezingirwa na mji: honi, maghorofa, makondakta wanaoita abiria. Niliwatolea salamu waliolala pale, kisha nikamwamkia mzee aliyekuwa akifagia majani.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Una mtu wako hapa?"

"Nimemjia Marijani."

"Jabali!" Akauegemea ufagio, akaanza kunihesabia bendi, STC Jazz, Safari Trippers, Dar International, kana kwamba ni mimi ninayehitaji kusahihishwa. Machi 1995, Jabali alipofariki, aliikumbuka vizuri. Marehemu alikuwa na miaka arobaini tu.

Nikamsomea Fatiha. Kisha nikamweleza babu ninachokitaka: simtakii mnara, maana dini yake haimdai mnara. Nataka jina lake kamili, miaka yake na nyimbo zake viandikwe pale Kariakoo, wanapopita watoto wakienda shule, na Rosa iwe ya kwanza.

"Na Zuwena," babu akasema. "Zuwena usiiache."

Nikaiandika.