Jogoo wa Baba na Kiamsha Kinywa cha Gates

Baba yangu ni askari polisi. Ninalisema hilo mapema kwa sababu wengi wenu mnalijua, na wale msiolijua mtaambiwa na wenzenu kabla hamjamaliza aya hii. Bwenini jina langu la pili ni "Karao". Siku ya wazazi, baba anapoingia langoni na koti lake la kijivu na viatu vinavyong'aa kama kioo, hakosi msichana wa kunong'ona, "Leteni leseni!" na kundi zima likaangua kicheko. Nami hucheka. Ukilala chumba kimoja na wasichana 40 unajifunza kucheka mapema.

Basi muhula wa pili mlezi wa chama chetu alipotangaza kwamba tutatazama tamthilia ya Waingereza iitwayo Line of Duty, Jumamosi tano mfululizo katika ukumbi wa maakuli, kisha kila mwanachama aisimulie kwa Kiswahili sanifu, nilifurahi kama wenzangu. Lakini alipoongeza kwamba ni hadithi ya polisi wala rushwa, furaha yangu iliingia mchanga. Nilijua macho yatakakoelekea. Na kweli, hata kabla taa hazijazimwa, vichwa vitatu viligeuka kunitazama.

Tamthilia hiyo iliandikwa na Jed Mercurio, mtu aliyekuwa daktari wa hospitali kabla ya kushika kalamu. BBC ilianza kuionyesha mwaka 2012, ikaendelea kwa misimu sita hadi 2021. Sisi tulitazama msimu wa kwanza tu, wenye sehemu tano. Inahusu kitengo kinachoitwa AC-12, yaani polisi ambao kazi yao ni kuchunguza polisi wenzao. Mkuu wao ni Ted Hastings, mzee wa Ireland ya Kaskazini mwenye maneno makali kama pilipili. Askari wala rushwa yeye huwaita "waliopinda". Chamani tulibishana nusu saa nzima kama tuseme "askari aliyepinda", "askari mpotovu" au "askari mbovu". Mimi nilipigia kura "aliyepinda", maana kitu kilichopinda kilikuwa kimenyooka hapo awali.

Hadithi inaanza kwa mauaji. Polisi wanaotafuta magaidi wanavamia nyumba isiyo yenyewe na kumpiga risasi mtu asiye na hatia. Waingereza waliotazama hawakuhitaji kuelezwa sana, kwani mnamo Julai 2005 polisi wa London walimuua Jean Charles de Menezes, kijana kutoka Brazil, ndani ya garimoshi katika stesheni ya Stockwell, wakimdhania gaidi. Katika tamthilia, wakubwa wanataka wote waliokuwepo watoe taarifa moja inayofanana. Afisa mmoja kijana, Steve Arnott, anakataa kudanganya. Wenzake wanamwona msaliti, naye anahamia AC-12.

Kazi anayopewa huko ndiyo iliyonikosesha usingizi. Anaambiwa amchunguze Tony Gates, inspekta mkuu ambaye ametoka kutuzwa kuwa afisa bora wa mwaka. Gates ni mchangamfu, wadogo wake kazini wanampenda, ana mke na mabinti wawili. Na kosa la kwanza wanalomshika nalo, ndugu msomaji, si magunia ya pesa. Ni kiamsha kinywa! Alikuwa amewakabili waporaji nje ya mkahawa, na mlo wake asubuhi ile hakuulipia.

Ukumbi mzima ulicheka. "Ala! Eti kiamsha kinywa?" "Hawa wazungu hawajafika kwetu!" Msichana aliyeketi nyuma yangu akasema kwa sauti, "Huku kwetu hiyo inaitwa chai, na mwulizeni Karao." Kicheko kikapanda tena. Safari hii sikucheka. Si kwamba alinikera sana. Nilikuwa nimemkumbuka jogoo.

Jogoo mwenyewe alikuwa mwekundu, mwenye kishungi kilichoangukia jicho moja. Nilikuwa darasa la sita. Wakati huo baba, ambaye mpaka leo ni konstebo, alikuwa kituo cha mashambani, na sisi tuliishi kambini katika nyumba ya mabati ya duara, chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia. Mzee mmoja alikuwa ameibiwa ng'ombe wawili. Baba na mwenzake walitembea usiku kucha wakifuata nyayo, wakawapata. Siku ya tatu yule mzee akaja na jogoo kwapani, akamkabidhi mama mlangoni, akaenda zake bila hata kunywa maji. Tulimla Jumapili. Mchuzi wake naukumbuka hadi leo, na ningekuwa mwongo nikisema haukuwa mtamu.

Lazima niwaeleze pia habari ya thamosi. Baba huenda kazini na chai yake katika thamosi ya buluu. Hukaa kwenye meza ya ripoti, mahali ambapo mtu aliyepoteza kitambulisho huja kuandikiwa, na mahali ambapo, kama mjuavyo, mkono wa mwananchi huzoea kuteleza mfukoni bila kuambiwa. Mtu akimwambia, "Afande, hii ni ya chai," baba huigusa thamosi na kujibu, "Chai ninayo." Basi. Kambini walimwita "Mwenye Thamosi", na halikuwa jina la sifa. Nimelijua hilo tangu utotoni na nimelishikilia kama ngao kila ninapoitwa Karao. Ila katika ngao hiyo hakukuwa na nafasi ya jogoo, na Gates ndiye aliyenionyesha.

Kutoka pale kwenye sahani mambo yanakwenda mrama. Gates ana hawara, mfanyabiashara tajiri aitwaye Jackie Laverty. Usiku mmoja anamgonga mtu kwa gari. Anamwambia Gates kwamba amegonga mbwa. Gates anamsaidia kuficha, na anapogundua kwamba aliyegongwa ni binadamu tayari ameshatia sahihi uongo. Wahalifu wanaomfahamu Jackie wanamchinja mbele ya macho ya Gates na kuhakikisha alama za vidole vyake zimo kwenye kisu. Tangu hapo wanamtuma kama mtoto wa dukani. Kila hatua unajiambia, aende kwa wakubwa wake sasa hivi aseme kweli, bado hajachelewa. Wasichana walikuwa wakimpigia kelele, "Sema! Sema, bwana!" Naye hasemi. Hapo ndipo ustadi wa Mercurio ulipo. Hakutupa shetani wa kumzomea, alitupa mtu tuliyemtakia heri, kisha akatufanya tuhesabu hatua zake moja moja.

Jambo jingine lililotukamata ni mahojiano. Tumezoea sinema za polisi zenye bunduki na magari kupinduka. Hapa watu wanne wanaketi mezani wakiwa wamezungukwa na vioo. Kinasa sauti kinatoa mlio mrefu unaokera masikio, kisha maswali yanaanza, karatasi kwa karatasi, na katika misimu ya baadaye, nasikia, huweza kuendelea kwa zaidi ya dakika 20 bila mtu kuinuka. Ni kama Vioja Mahakamani ya KBC iliyoondolewa kicheko chote. Jumamosi ya tatu kengele ya chakula cha jioni ililia katikati ya mahojiano na hakuna aliyesogea, na mnajua vile shule hii inavyoheshimu ile kengele.

Mwisho wa Gates sitausimulia kwa urefu. Anamkamata mkuu wa wale wahalifu, kisha, akiwa hana tena pa kutokea, anamwomba Kate Fleming, afisa wa AC-12 aliyekuwa amepenyezwa katika kikosi chake, aseme kwamba amefia kazini. Halafu anaingia barabarani mbele ya magari. Akifia kazini, mke na mabinti watapata haki zao. Hiyo ndiyo maana ya jina la tamthilia. Ukumbi ulinyamaza kama kaburi. Yule msichana wa "Leteni leseni" alikuwa akijifuta kwa mkono wa sweta. Mimi nilikuwa nikiwafikiria wale mabinti wawili. Kambini kwetu niliona familia ya askari aliyefariki ikihama. Nyumba ni ya kazi, na kazi ikiisha nyumba nayo imeisha. Godoro, sufuria na kabati lisilo na mlango vilipangwa juu ya mkokoteni, na msichana niliyecheza naye kati alikuwa ameshika taa ya chemni kwa mikono miwili isivunjike.

Binamu yangu, aliyeitazama misimu yote sita, amenieleza kwamba Waingereza wenyewe waligombana juu ya mwisho wake. (Asiyetaka kujua aruke aya hii.) Mnamo 2 Mei 2021 watu wapatao milioni 12.8 walikaa kungoja kumjua kiongozi aliyefichika wa polisi waliopinda. Walitarajia nyangumi. Akaletwa Ian Buckells, afisa mzembe waliyemwona tangu msimu wa kwanza, mtu wa kufanya kazi nusunusu huku akipandishwa cheo. Wengi walilalamika kwamba wamedanganywa. Mimi naona walipewa kitu cha kutisha kuliko nyangumi. Nyangumi unamwona akija. Lakini mtu asiyesoma faili, asiyeuliza swali, ambaye kila mtu amechoka kumlalamikia, huyo anaweza kukaa ofisini miaka yote.

Likizo ya Agosti binamu alinipa ule msimu wa kwanza katika flashi. Baba alikuwa mapumzikoni siku mbili. Tuliweka kompyuta juu ya meza, mama akichambua maharagwe, nami nikiwa mkalimani pale Kiingereza chao kilipotushinda. Baba hutazama sinema za polisi kama fundi anavyotazama ukuta wa fundi mwingine. Aliposikia kwamba askari akihojiwa na AC-12 ana haki ya kuulizwa na afisa aliyemzidi cheo walau kwa ngazi moja, alicheka hadi akakohoa. "Kwangu mimi," akasema, "hao ni karibu wote." Alinieleza kwamba hata kwetu kipo kitengo cha namna hiyo, cha masuala ya ndani, kilichowekwa na sheria ya polisi ya 2011, na kwamba mwaka huohuo iliundwa IPOA, ambayo yenyewe si polisi bali ni mamlaka ya kiraia. "Polisi akimchunguza polisi, wananchi hawamwamini," akasema. "Raia akimchunguza, polisi hawamwamini. Sasa wewe chagua."

Kisha kikafika kile kiamsha kinywa. Nilimtazama yeye badala ya kompyuta. Hakucheka. Nilimeza mate nikasema, "Baba, unamkumbuka yule jogoo?"

Mama aliacha kuchambua. Baba hakujifanya kuuliza jogoo gani.

"Ningemrudisha, yule mzee angeona nimemdharau," akasema. Akakaa kidogo. "Tena ng'ombe nilikuwa nimeshamrudishia. Hakuninunua. Kazi ilikuwa imekwisha."

"Ndiyo, baba."

Tuliendelea kutazama. Gates alikuwa akijitetea mbele ya Hastings, ametabasamu, akishangaa kwamba mtu mzima anaweza kumkalia mwenzake kwa sababu ya mlo. Baba akainama mbele, viwiko magotini.

"Lakini huyu naye," akasema polepole, "kazi ilikuwa imekwisha."

Mama akamwambia, "Baba Nyambura, ni kuku tu."

"Najua ni kuku."

Hatukulizungumza tena. Sehemu zote tano tulizimaliza kwa siku hizo mbili, na mwisho wa Gates ulipofika baba aliinuka kabla magari hayajamgonga, akachomeka pasi, akaanza kupiga sare yake ya kesho. Alipiga mkono mmoja wa shati mara tatu. Baadaye aliniuliza kama msimu wa pili ninao. Nikamwambia ninao, na kwamba ni kuhusu inspekta mwanamke, Lindsay Denton, aliyekuwa akiongoza msafara wa kumlinda shahidi, msafara ukavamiwa njiani na yeye akabaki hai.

"Ana hatia?"

"Binamu anajua. Nimemkataza asiniambie."

"Vizuri. Tungoje likizo ya Desemba," akasema. Akamimina chai kwenye thamosi yake, akafunga kifuniko, akatoka kwenda zamu ya usiku.