Swichi Iliyokataa Kusimama

Sisi watu wa Pwani hatuna desturi ya kupasha nyumba zetu joto. Katika nchi za baridi mtu akijenga nyumba huweka na mtambo wa kuipasha joto, na umeme ukikatika usiku wa theluji huwa ni jambo la kufa na kupona. Hapa Kibiti tunachotafuta ni upepo. Hata hivyo kila mfugaji wa kuku anajua kwamba uani mwake ipo nyumba moja isiyoweza kulala bila joto, nayo ni banda la vifaranga.

Kifaranga wa siku moja ana nyoya laini tu, na mwili wake haujaweza kutunza joto. Juma la kwanza anahitaji nyuzijoto 32 hadi 35, kisha hupunguziwa kama nyuzi 3 kila juma mpaka manyoya yaote. Asiye na kipimajoto huwatazama wenyewe. Wakirundikana chini ya taa, wana baridi. Wakikimbilia pembeni huku wakihema midomo wazi, joto limezidi. Wakitawanyika wakila na kunywa, mambo ni sawa. Kurundikana ndiko kubaya zaidi, kwa maana walio chini hukosa pumzi.

Aprili 2024 mke wangu alipokea zamu yake ya upatu, akanunua vifaranga 100. Mimi nikajitolea kushughulikia taa. Nilitafuta balbu mbili za kizamani, zile za uzi, kwa sababu hizi za kuokoa umeme hutoa mwanga bila joto la maana. Waya haukufika bandani. Nikaunga kipande, nikasokota shaba kwa shaba, nikazungushia tepu nyeusi, nikaulaza chini kwenye pumba za mpunga. Mke wangu alikuja akatazama.

"Mzee," akasema, "huo waya umelala karibu na maji ya vifaranga. Si bora tumwite fundi?"

Nikamjibu kwamba nimeanza kuunga nyaya kabla hajanijua. Akanyamaza, akaendelea na kazi zake.

Mwezi ule mvua zilikuwa kubwa, na mto Rufiji ulifurika ukafunika mashamba mengi katika wilaya za Rufiji na Kibiti. Mama mkwe wangu, mtu wa Delta upande wa Nyamisati, alikuwa amekuja kukaa nasi baada ya mpunga wake kwenda na maji. Usiku wa tano wa vifaranga, yapata saa nane, niliamshwa na mlio wao, mlio mwembamba usiokatika. Nikatoka na tochi. Banda lilikuwa giza, na vifaranga wamejirundika kwenye kona moja.

Jambo la kwanza nililofanya lilikuwa kulaumu. Miezi miwili tu nyuma, Februari 2024, mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere ulikuwa umeanza kutoa umeme, kwenye mto huu huu wetu. Nikasema kwa uchungu kwamba sisi wa chini tumeletewa maji, na umeme umepelekwa kwingine. Mke wangu akanionyesha taa ya baraza ya jirani. Ilikuwa inawaka. Kisha akabonyeza swichi ya sebuleni kwetu, nayo ikawaka. Nilikuwa nimemhukumu mtu wa mbali kabla ya kutazama nyumbani kwangu.

Nikaenda kwenye LUKU: uniti zilikuwapo. Nikafungua kisanduku cha swichi. Breka moja, ile ya soketi, ilikuwa imeanguka. Nikaipandisha, ikaanguka. Nikaipandisha tena, ikaanguka. Mara ya tatu nikaishikilia kwa kidole gumba, nisijue kwamba breka huachia ndani hata ukiishikilia kwa nje. Hapo hasira ikanipanda. Nikakumbuka zamani za fyuzi, jinsi watu walivyokuwa wakiweka kipande cha waya mnene mahali pa fyuzi iliyoungua, na maisha yakaendelea. Nikaagiza niletewe koleo na waya, niiruke hiyo breka.

Mke wangu hakuleta. Akasema kwa upole, "Kitu kikikataa mara tatu, Mzee, kina sababu."

Wakati sisi tukibishana, mama mkwe alikuwa keshawasha moto jikoni uani. Yeye hakuuliza lolote kuhusu umeme. Alichemsha maji, akayachanganya na ya baridi kidogo, akayatia katika chupa, akazifunga kwa vipande vya khanga. Nilitaka kuingiza jiko la mkaa bandani, akanizuia: "Hapana, baba. Mkaa katika chumba kilichofungwa huua kimya kimya." Alisema kweli, maana hewa ya sumu itokayo kwenye mkaa haina rangi wala harufu. Akapanga chupa ndani ya tenga, akawaweka vifaranga katikati, akafunika kwa gunia na kuacha nafasi ya pumzi. Baada ya muda mlio ukapungua.

Ndipo nilipopata akili ya kutafuta kwa utaratibu. Niling'oa plagi zote zilizokuwa katika njia ile: ya friji, ya redio, na ya banda. Nikapandisha breka, ikasimama. Basi nyaya za ukutani zilikuwa nzima, na ugonjwa ulikuwa katika kimoja cha vile nilivyoving'oa. Nikarudisha friji, breka ikasimama. Nikarudisha redio, ikasimama. Nikarudisha plagi ya banda, ikaanguka papo hapo.

Nikaing'oa plagi ile kabisa, kisha nikaufuata waya kwa tochi. Nilipofika kwenye kiungo changu nikafukua pumba. Maji yalikuwa yamemwagika na kupenya. Tepu ilikuwa imeyeyuka, na pumba zilizoizunguka zilikuwa nyeusi, zinanuka moshi. Banda lile limeegemea chumba wanacholala wajukuu zangu. Nikakaa chini pale pale.

Nimeufikiria sana usiku ule. Breka niliyoitukana ndiyo iliyokuwa ikilinda nyumba. Kazi yake ni hiyo tu: waya ukigusana vibaya, ikatike kabla moto haujaanza. Mimi niliuchukua ukweli wake kuwa ubishi, na nilikuwa tayari kuinyamazisha kwa kipande cha waya ili vifaranga wapate joto. Huenda wangepata joto kubwa mno, wao pamoja na wajukuu wangu.

Tena onyo lile halikuwa la kwanza. La kwanza lilitoka kinywani mwa mke wangu siku tano kabla, nami nililinyamazisha kwa maneno. Yeye hakuwa na koleo wala ujuzi wa umeme, alikuwa na macho tu. Wazee walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini ukubwa wa aliyeona kweli hauhesabiwi kwa miaka wala kwa cheo chake nyumbani.

Asubuhi fundi alikuja. Aliutupa waya wangu, akavuta mwingine mzima usio na kiungo, akaupitisha juu, na taa akazitundika kwa minyororo mbali na pumba. Vifaranga 11 walikuwa wamekufa kwenye rundo. Mke wangu aliwahesabu, akawazika nyuma ya banda, wala hakunikumbusha alichosema. Ningeona nafuu kama angenikumbusha.

Jioni nilimfuata jikoni nikamwomba radhi mbele ya mama yake, jambo ambalo sikuwahi kulifanya tangu tuoane. Akacheka kidogo, akanipa kikombe cha chai. Wale 89 walikua. Na siku hizi akiniambia, "Mzee, hebu tazama hapa," naacha ninachofanya, nakwenda kutazama.