Petroli Ile Ile



Baridi yetu ya Magarini si ya Limuru, sembuse ya Ulaya ambako maji huganda. Lakini ufikapo mwezi wa Julai, upepo wa kusi ukivuma na ardhi ingali na unyevu wa masika, hata sisi wa Mambrui hutafuta shuka ya pili. Ni katika majira hayo, mwaka jana, nilipomdhulumu mwanangu kwa sababu ya gari.

Nilikwenda Lamu kusomesha, nikakaa siku arubaini. Gari langu, Corolla kuukuu ya kabureta, nililiacha uani chini ya mwarobaini. Kabla ya safari nilimpa kijana wangu shilingi 2,000 atie petroli kituoni. Niliporejea, asubuhi ya pili nilimpakia mama yangu nimpeleke hospitali Malindi. Injini iliwaka kwa taabu, ikawa yatetemeka na kukohoa, na kabla hatujafika daraja la Sabaki ikazimika. Mama yangu mzee alikaa kando ya njia, amejitanda leso kwa ule upepo, hata tulipopata matatu. Adhuhuri nililirudia gari, likawaka kama kwamba halikuwa na neno.

Jioni nilimwita kijana mbele ya nduguze. Nikamwambia, "Wewe umenunua petroli ya chupa barabarani, na pesa zilizobaki umezila."

Akajibu, "Wallahi, baba, nilitia kituoni."

Sikumsikiliza. Aliinamisha kichwa, na usiku ule hakula.

Mama watoto alingoja nyumba itulie, kisha akaniuliza kwa upole, "Sheikh, petroli mbaya hujua saa? Mbona mchana gari limekuja vizuri?" Sikuwa na jibu.

Siku ya pili alikuja fundi wa Gongoni baada ya sala ya Isha, injini ikiwa imepoa na umande umeanza kushuka. Kwanza alitoa petroli kidogo akaitia katika chupa nyeupe. Maji ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo yangekuwamo yangetua chini; chupa ilikuwa safi. Akaitazama betri, nayo ilikuwa na nguvu. Ndipo akatuamuru tuzime taa zote, akawasha injini hali boneti iko wazi.

Gizani tuliona cheche za buluu zikitambaa juu ya waya za plagi.

"Ugonjwa ndio huu," akasema. Mpira wa waya ulikuwa umechakaa na kupasuka, na unyevu wa siku arubaini umeingia katika nyufa. Umeme, badala ya kufika kwenye plagi na kuwasha petroli, ulipita katika unyevu na kutorokea kwenye chuma cha injini. Silinda isiyopata cheche haichomi, na injini hutetemeka. Jua likipanda na injini ikipata moto, unyevu hukauka, na maradhi hujificha hadi asubuhi nyingine. Alifungua pia kifuniko cha distributa, akakuta matone ndani, akakipangusa kwa kitambaa kikavu.

Kesho yake akatia waya mpya. Alfajiri iliyofuata, katika baridi ile ile na kwa petroli ile ile niliyoituhumu, gari liliwaka mara moja.

Nilimwita tena kijana mbele ya nduguze, pale pale nilipomuaibisha, nikamtaka radhi. Akasema, "Yamekwisha, baba." Lakini alikuwa akitazama chini, na mimi najua kwamba neno la tuhuma haling'oki upesi kama waya wa plagi. Sura ya Al-Hujurat hutuamuru tuhakikishe habari, na hutukataza dhana. Nimewasomesha watu aya hizo miaka mingi, nikazisahau uani kwangu.

Basi gari lenu likikohoa baada ya kulala kwenye baridi na mvua, ulizeni kwanza swali la mama watoto: hukohoa lini, na huacha lini? Anzeni na lile la rahisi na la kuonekana, wala msiziguse waya hizo injini ikiwaka. Na mtoto wenu akiapa, msikilizeni kabla ya kuhukumu.

Wabillahi tawfiq.