Nilivyoulizwa Habari za Nati

Huenda nawe unaye kijana nyumbani aliyehitimu uhandisi wa ndege, na sasa anangoja kuitwa kwenye usaili. Mimi nimekwisha kuitwa mara mbili, na mara ya kwanza nilirudi Mjimwema mikono mitupu.

Sisi watoto wa Mjimwema tuliposikia ngurumo ya ndege ikielekea kiwanja cha Songea, tuliacha mpira tukatazama juu. Basi barua ya kuitwa Dar es Salaam iliponifikia, mama aliuza magunia mawili ya mahindi nipate nauli. Nikapanda basi alfajiri. Njombe, Iringa, Morogoro, njia nzima nikikariri madaftari yangu. Shingoni nilikuwa na tai ya kuazima iliyonibana bure, maana hakuna aliyeitazama.

Nilitazamia maswali makubwa: kwa nini bawa huinua ndege, na jinsi injini inavyobana hewa kabla ya kuchoma mafuta. Hayo yaliulizwa, nikayajibu, wala hayakuchukua robo saa. Kisha mzee mmoja mwenye mvi akauliza nati ya gurudumu la ndege fulani hukazwa kwa nguvu kiasi gani. Nikataja tarakimu papo hapo, kwa sauti ya mtu ajuaye.

"Umeitoa wapi?"

"Kichwani, mzee."

Wakatazamana. Kumbe tarakimu ile ilikuwa ya ndege ya aina nyingine kabisa.

Nilinung'unika miezi mingi, nikidhani nimeonewa, hata niliposoma habari za ndege ya British Airways iliyopaa kutoka Birmingham, Uingereza, tarehe 10 Juni 1990. Ikiwa angani, kioo cha mbele cha upande wa nahodha kiling'oka, naye akavutwa nje nusu ya mwili. Wenzake walimshikilia hadi ndege ilipotua Southampton, na kwa bahati akapona. Kioo hicho kilikuwa kimebadilishwa muda mfupi tu kabla ya safari. Fundi alichagua boliti mpya kwa kuzilinganisha na za zamani kwa macho, badala ya kufuata orodha ya vipuri. Kati ya boliti 90, 84 zilikuwa nyembamba kuliko zilizotakiwa, kwa tofauti isiyofika hata milimita moja. Na huyo hakuwa mwanafunzi, bali fundi mzoefu.

Kwa hiyo kijana wako ajitayarishe kuulizwa mambo yanayoonekana madogo. Ataulizwa atafanya nini akihesabu spana zake jioni akakuta moja haipo, na abiria wamekwisha panga foleni. Ataulizwa kama atatia sahihi kazi ambayo hakuikagua, kwa kuwa mkubwa wake ana haraka. Achukue pia daftari lake la mafunzo ya vitendo, lenye sahihi za waliomsimamia, maana watalipekua ukurasa kwa ukurasa.

Mara ya pili nilikwenda kwingine, bila tai. Swali la nati likaja tena, safari hii la breki. Moyo ulinidunda, kwani tarakimu moja ilikuwa imekwisha nifika ulimini.

Nikasema, "Siwezi kuitaja kwa kukumbuka. Nipeni kitabu cha matengenezo nitazame."

Mama mmoja aliyekaa pembeni akakisukuma kitabu mezani, akaniambia nivute kiti.