Fungu Limekaribia, Je, Dawa Imefika?



Tangu mwaka 2013, kaunti 47 zilipoanza kazi chini ya Katiba ya 2010, zahanati, vituo vya afya, chekechea na huduma ya maji vimo mikononi mwa serikali za kaunti. Zamani neno la mwisho juu ya zahanati ya Faza au ya Vanga lilitoka Nairobi. Leo anayetia saini yumo katika kaunti ileile. Hiyo ni neema, nasi hatuikanushi.

Lakini jukumu limeshuka, na ufunguo wa hazina ungali juu. Katiba yaamuru kaunti zipewe si chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa, kwa hesabu za mwisho zilizokaguliwa na kuidhinishwa na Bunge. Kaunti nyingi hutegemea fungu hilo kuliko ushuru zinaokusanya wenyewe. Likichelewa, mishahara huchelewa na dawa haziagizwi. Kuanzia Desemba 2016 hadi Machi 2017 madaktari waligoma siku 100, kisha mwaka huohuo wa 2017 wauguzi wakagoma takriban miezi mitano. Nairobi na kaunti zilipokuwa zikivutana, aliyelipa gharama ni mama mwenye uchungu wa uzazi aliyekuta mlango umefungwa.

Na hata fungu linapofika, liko jambo la pili. Sheria yataka kaunti itenge angalau asilimia 30 ya bajeti yake kwa maendeleo, yaani majengo, barabara, visima. Nia ni njema, ili fedha zote zisiliwe na mishahara na safari. Lakini mshahara wa muuguzi na dawa za zahanati havihesabiwi katika maendeleo. Ni matumizi ya kawaida. Ndipo twaona jengo jipya limepakwa rangi na kukatiwa utepe, na ndani kabati tupu. Jengo huonekana wakati wa kura. Dawa hainakshiwi jina la mtu.

Tufanyeje? Mashauriano ni desturi ya dini yetu, na Katiba nayo imeyafanya kuwa haki. Kufikia tarehe 30 Aprili kila mwaka, makadirio ya bajeti hupelekwa katika bunge la kaunti, na mwaka mpya wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Katikati ya siku hizo kamati husikiliza wananchi. Tumehudhuria vikao hivyo: viti vya mbele vimejaa wanaume, na mama anayejua bomba limekauka siku ngapi yuko nyumbani na mtoto mgongoni, kwa kuwa ukumbi uko mbali na tangazo lilimfikia jana.

Asiyeweza kwenda na aandike. Wanawake wa mtaa mmoja waandike karatasi moja yenye maswali mawili: zahanati yetu imetengewa kiasi gani cha dawa, na kiasi gani kimefika? Kifungu cha 35 cha Katiba champa kila raia haki ya kupata taarifa iliyo mikononi mwa serikali. Mali ya umma ni amana, na mwenye amana haoni haya kuuliza hesabu yake.

Mwenyezi Mungu awape viongozi wetu uadilifu, nasi atupe ujasiri wa kuuliza. Amin.